Mwanangu anatiririka ukurasa mzima, lakini ukimwonyesha neno moja hajui

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mbagala. Nina genge la mbogamboga karibu na nyumbani na mume wangu anaendesha bajaji. Nakuandikia kuhusu mtoto wangu wa pili, nimwite Shaibu. Ana miaka minane, yuko darasa la pili katika shule ya serikali hapa mtaani.

Walipofunga shule mwezi wa sita alirudi na ripoti. Kusoma 18, Kuandika 22, Kuhesabu 30. Chini mwalimu wa darasa ameandika: "Hajui kusoma. Mzazi fuatilia." Nilishtuka, kwa sababu kila jioni nikimwambia Shaibu soma, anasoma. Anafungua kitabu, anaweka kidole, anatiririka ukurasa mzima bila kusita. Basi binti wa jirani yangu, yuko kidato cha pili, akaja akafunika picha kwa kiganja, akamwonyesha neno la katikati ya mstari, akamwuliza hili ni nini. Shaibu kimya. Akamwonyesha lingine, akataja neno ambalo hata halipo kwenye ukurasa ule. Ndipo nikajua mtoto ameyashika tu maneno kwa kuyasikia yanavyoimbwa darasani.

Lakini mtoto si mjinga, Mwalimu, naapa. Nikimwachia genge anauza. Mtu akichukua mafungu mawili ya nyanya ya mia tano mia tano na vitunguu vya mia tatu, akatoa elfu mbili, Shaibu anarudisha mia saba kabla mimi sijamaliza kuhesabu. Ila daftari lake la Kuhesabu limejaa kukosa tupu.

Darasani kwao wapo zaidi ya mia na thelathini, mwalimu mmoja. Wanaingia kwa zamu, wakubwa asubuhi, wao saa sita mchana. Simlaumu mwalimu, ila sijui nimwendee vipi asije akaona nimekwenda kumsimanga. Kikao cha wazazi cha mwezi wa tatu nilikwenda. Tukaongea hela ya uji, hela ya mlinzi, hela ya kumalizia choo, tukafunga. Hakuna aliyetaja watoto wanasoma nini. Kilichofuata sikwenda kwa kuwa nilikuwa nadaiwa ya uji, nikaona nitaadhirika mbele za watu.

Nyumbani nako hakuna utulivu. Baba yake anasema kufundisha ni kazi ya mwalimu, ndiye anayelipwa mshahara, kazi yetu sisi ni sare na madaftari. Siku akiamua kumsomesha, mtoto akikosea anachapwa, na sasa hivi Shaibu akimwona tu baba yake kashika kitabu machozi yanamlenga. Wifi yangu anatuambia tumhamishe English medium, wa kwake ndiko waliko. Shuleni kuna twisheni ya asubuhi kabla ya zamu yao, shilingi 500 kwa siku. Nalipa tangu mwezi wa pili na sioni tofauti. Na sasa kuna maneno kwamba wasiojua kusoma watarudishwa darasa.

Nimalizie na hili ninaloona haya kulisema. Darasa la saba nilimaliza, lakini kusoma kwangu ni kwa kudonoa. Meseji nasoma, madeni ya wateja naandika, ila maandishi marefu yananishinda. Hata barua hii nimeandikiwa na yule binti wa jirani. Mtu kama mimi namsaidiaje mtoto? Nikazane na twisheni, nimhamishe, au nimwache arudie?

Mama Shaibu, Mbagala

*

Marahaba, Mama Shaibu. Na huyo binti aliyeshika kalamu umpe salamu zangu, maana kile alichokifanya siku ile, kufunika picha na kuchomoa neno katikati ya mstari, ndicho kitu cha maana kuliko vyote alivyofanyiwa mwanao mwaka huu. Ripoti imekwambia hajui kusoma. Kipimo cha binti kimekwambia kwamba anakariri. Kinachobaki sasa ni kujua amekwama wapi hasa, na habari hiyo uifikishe kwa mwalimu wake. Mengine yote uliyoniuliza, twisheni, kuhama, kurudia darasa, yanasubiri jibu la hilo.

Kwanza ujue hauko peke yako. Mwaka 2010 Uwezo, mpango ulioanzishwa chini ya shirika la kiraia la Twaweza, ulianza kuwapima watoto wakiwa majumbani kwao. Duru za mwanzo zilikuta kwamba kati ya watoto kumi wa darasa la tatu, watatu hivi tu ndio walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Ni kwa sababu ya hali kama hiyo mtaala wa madarasa mawili ya mwanzo ulipangwa upya, muda mwingi ukatolewa kwa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na walimu wengi wakapewa mafunzo. Hatua zilipigwa. Lakini darasa la watoto mia na thelathini linameza mafunzo yoyote yale.

Nimefundisha madarasa ya chini kwa miaka mingi, kwa hiyo naweza kukueleza ilivyo. Mwalimu anaandika ubaoni, anaelekeza fimbo, darasa zima linaitikia: ba, be, bi, bo, bu. Wakimaliza wanarudia. Mtoto asiyejua anaitikia nusu sekunde nyuma ya wenzake, na baada ya wiki moja anaitikia nao pamoja kwa sababu wimbo ameushika. Mwalimu anasikia sauti ya darasa, ya Shaibu peke yake hana njia ya kuisikia. Kumsikiliza kila mtoto kwa dakika mbili tu, watoto 130, ni zaidi ya saa nne, na zamu yao yote ni chini ya masaa sita. Wewe una mmoja wa kumsikiliza.

Kipimo chenyewe ni hiki. Mwombe binti achukue kipande cha boksi, aandike kwa herufi ndogo, si zile kubwa, ila azinenepeshe zionekane vizuri. Mstari wa kwanza herufi zisizofuatana: m, a, t, e, k, b, d, u, s. Shaibu ataje sauti ya kila moja. Muwe makini na b na d, wengi huzichanganya. Mstari wa pili silabi nyepesi zilizovurugwa: ko, ma, tu, le, bi, da. Ni lazima zivurugwe, maana akipewa ba, be, bi atakuimbia. Mstari wa tatu silabi mwambatano, zile zenye herufi zaidi ya moja kabla ya irabu: mba, ndo, cha, shu, kwa, ng'o, nywa. Mstari wa nne maneno: meza, kuku, sahani, chungwa, ng'ombe. Mstari wa tano maneno ya kubuni yasiyo na maana, kama taluko au bemisa. Haya hayapo kwenye kitabu chochote, kwa hiyo hakuna wa kuyakariri. Atakayeyatamka huyo anasoma. Mwisho sentensi moja, "Mama ameuza nyanya sokoni", akishaisoma umwulize: nani ameuza? Ameuza nini? Wapi?

Akikaa kimya kwenye jambo, nanyi nyamazeni kidogo, kisha mwende lingine. Msimsahihishe siku hiyo, msimcheke, wala ndugu zake wasikae karibu. Na mtakapoona vitatu vinne mfululizo vimemshinda, simamisheni hapo. Binti aandike pembeni: amejua hivi, amekwama hapa.

Kwa kusoma barua yako, nahisi herufi nyingi anazijua na baadhi ya silabi nyepesi anazipata, halafu anagota kwenye mwambatano. Ndipo wengi wanapoachwa. Lakini usichukue hisia yangu, chukua kitakachoonekana kwenye boksi.

Sasa la kudonoa. Mama, Kiswahili unakijua tangu tumboni. Lugha yetu ina irabu tano, na herufi karibu kila mara inatamkwa vilevile popote inapokaa, kwa hiyo mtoto akishazijua sauti na kuziunganisha, anaweza kusoma hata neno ambalo hajawahi kuliona. Wewe kazi yako ni kusikiliza. Shaibu akisoma "mama ameuza nyanya sokoni", sikio lako litakwambia kama imekaa sawa. Akisoma kitu kisicho na kichwa wala miguu, sikio litakwambia pia, hapo umwombe arudie taratibu, kidole chini ya silabi. Huhitaji kuwa msomaji wa hadithi ndefu kwa kazi hiyo. Na kama mkigota wote wawili kwenye neno, ligawanyeni silabi kwa silabi pamoja. Mtoto akimwona mama yake naye anahangaikia neno bila aibu, hilo linamsaidia kuliko unavyodhani.

Muda unao, ingawa huuoni. Zamu ya Shaibu haianzi mpaka saa sita mchana, na ile twisheni ya asubuhi nitaifikia. Genge lako kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, wanunuzi wa chai wamepita na wa mboga za mchana hawajaanza, nadhani kunakuwa kumetulia. Chukua dakika kumi na tano hapo, kila siku ya shule. Usimwekee masaa mawili Jumamosi, hayataingia. Na usiku alale mapema. Kama huwa anakaa nawe gengeni mpaka saa nne za usiku, hilo liishe leo, kwa kuwa mtoto wa zamu ya mchana anaingia darasani jua kali, na mwenye usingizi hasikii kitu.

Na mahali pa kujifunzia pako mbele yako. Tazama bidhaa zako. Pilipili ni silabi mbili tu, pi na li, zikirudiwa. Karoti na bamia zina silabi nyepesi tupu. Halafu kuna mchicha, kitunguu, nyanya, na biringanya ambayo ina zote. Kata boksi vipande vidogo, binti aandike silabi moja moja, Shaibu apange ka-ro-ti. Ondoa "ka", weka "ba", asome baroti, mcheke pamoja, kwa sababu neno lile halipo na yeye amelisoma. Wiki ya pili mwende mchicha na kitunguu. Akishaweza kupanga, aandike mwenyewe vibao vya bei na uviweke juu ya mafungu: karoti 500, bamia 300. Wateja watavisoma. Mtoto aliyepata 22 katika Kuandika akiona mtu mzima amesoma alichoandika yeye na akatoa hela, atataka kuandika kingine kesho.

Kanga zako nazo zina maandishi, tena mengi. Ila majina ya kanga huchapwa kwa herufi kubwa, na Shaibu ameanza na ndogo, kwa hiyo ziwekeni akiba mpaka ndogo zikae sawa, ndipo azisome moja moja. Vibao vya daladala, mifuko ya unga, pakiti za chumvi, vyote ni vitabu. Na kitabu chenyewe cha shule, kama hawaruhusiwi kuja nacho nyumbani, Taasisi ya Elimu Tanzania inaviweka vitabu vyake kwenye Maktaba Mtandao na kuvisoma ni bure. Binti mwenye simu anaweza kufungua cha darasa la pili. Soma naye kurasa ambazo darasa halijafika. Zile walizokwishaimba hazitakwambia lolote.

Kwa Kuhesabu sina wasiwasi kabisa. Anayerudisha mia saba kwenye elfu mbili kichwani anajua kujumlisha na kutoa. Kilichomshinda ni karatasi, kuona alama na tarakimu na kujua zinamtaka afanye lile lile analolifanya gengeni. Akishauza, mpe penseli aandike alichofanya: 500 + 500 + 300. Kisha kwa hesabu za darasani tumieni njiti za kiberiti, funga kumi kumi kwa mpira. Kifungu kimoja ni kumi, zilizobaki ni mamoja. Ukimpa 27 + 15 atashika vifungu vitatu na njiti kumi na mbili, na atafunga kifungu cha nne mwenyewe bila kuambiwa, kwa sababu ndivyo anavyobadilisha chenji kila siku. Baada ya hapo yale makumi na mamoja ya ubaoni yatakuwa na maana.

Nije kwa Baba Shaibu. Anaposema kufundisha ni kazi ya mwalimu, nusu yake ni kweli na nakubaliana naye waziwazi. Serikali yenyewe imejiwekea kiwango cha mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 katika shule ya msingi. Darasa la mwanao limezidi hapo karibu mara tatu. Wazazi wana haki ya kulidai hilo, na kumsikiliza mtoto nyumbani hakuifuti haki hiyo. Lakini madai hayo yatachukua miaka, na Shaibu ana muhula mmoja kabla darasa la pili halijaisha. Mwambie hivyo, kwa utulivu, siku amerudi na hesabu nzuri.

La fimbo halina nusu. Mtoto anayeogopa kuchapwa hatazami herufi, anatazama uso wa aliyeshika kitabu, na kutoka usoni hapo anabahatisha. Ndiyo maana Shaibu alitaja neno ambalo halipo kwenye ukurasa. Amejifunza kwamba kunyamaza kunaumiza, basi bora aseme chochote. Mwombe mumeo asimfundishe kabisa kwa sasa. Ampe kazi nyingine: jioni akirudi, Shaibu amsomee kibao kimoja alichokiandika siku hiyo, yeye asikilize na aseme vizuri. Akitaka kufanya zaidi ya hapo, ndiye awe mtu wa kwenda nawe shuleni. Walimu wa madarasa ya chini tumezoea kuwaona akina mama peke yao. Baba akija, hata mara moja, mtoto anajua, na darasa zima linajua.

Kwa mwalimu nenda mapema, wiki hii au ijayo. Usimkatize kipindi mlangoni. Mtumie Shaibu na kikaratasi, "Mwalimu naomba dakika tano, siku gani nije?", au mpitie asubuhi kabla ya zamu. Nenda na lile boksi na daftari. Usianze na "kwa nini mwanangu hajui kusoma", maana hapo atajitetea, na ana sababu za kujitetea zinazojaza saa nzima. Mwambie: "Mwalimu, nimempima nyumbani. Herufi anazijua, silabi nyepesi anapata, kwenye mba na ndo anakwama. Wiki hii mnafundisha zipi, ili nami nizirudie?" Nakuhakikishia mwalimu yule hajaletewa habari kama hiyo na wazazi wengi. Umemfanyia kazi ambayo hana muda wa kuifanya, na hujamsimanga. Halafu omba mambo mawili: Shaibu akae dawati la mbele, na mara moja kwa wiki amsimamishe asome silabi mbili peke yake, zile ambazo nyumbani amekwisha kuzipata, ili aanze na kushinda. Ukiondoka uulize urudi lini. Mzazi anayerudi siku aliyosema atarudi, mwalimu anamkumbuka mtoto wake.

Mwulize pia kama Shaibu anakili kutoka ubaoni au kwa jirani, na kama huwa anaambiwa jambo mara mbili mbili. Nyumbani mwangalie, anakisogeza kitabu puani? Anageuza sikio moja? Ukiona dalili, kituo cha afya kwanza, macho na masikio yatazamwe. Nimewaona watoto walioitwa wazito ambao shida yao ilikuwa ubao ulikuwa mbali na macho yao.

Twisheni. Hebu ipige hesabu: 500 kwa siku, siku ishirini za shule, ni elfu kumi kwa mwezi. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, ruzuku ya serikali kwa mwanafunzi wa msingi ilikuwa elfu kumi kwa mwaka mzima. Wewe unatoa kiasi hicho kila mwezi, gengeni, kwa miezi mitano, na hakuna aliyekwambia mtoto amekwama silabi gani. Kama twisheni hiyo ni watoto sitini wakiimba tena walichoimba jana, isimamishe. Mwambie mwalimu kwa adabu kwamba kwa sasa unamrudia nyumbani. Nusu ya hela hiyo mpe huyo binti wa jirani akae na Shaibu Jumamosi na Jumapili, nusu ukanunulie madaftari na penseli. Ila kama mwalimu atakwambia ana kikundi cha watoto watano au sita waliokwama mahali pamoja, anawasikiliza mmoja mmoja, hiyo ningeilipia mimi mwenyewe.

Kuhusu English medium, wifi yako ana nia njema, lakini hapana, si mwaka huu. Mtoto ambaye hajaunganisha herufi za lugha anayoiota usingizini utampeleka akaziunganishe katika lugha ambayo herufi moja ina sauti tatu. Na ada yake itakula genge. Akishasoma Kiswahili sawasawa, mkiwa na uwezo na mnataka, mtazungumza upya.

Na kurudia darasa, usikuogope kama aibu. Darasa la tatu ni jingine kabisa. Kwa mtaala mpya ulioanza 2024 anakutana na Sayansi, Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili, vyote vinamtaka asome ndipo ajifunze, na darasa la nne kuna Upimaji wa Taifa. Mtoto anayeingia huko bila kusoma anakaa kimya miaka yote iliyobaki. Lakini kurudia mwaka ule ule, kwa wimbo ule ule, akiwa nyuma ya darasa lile lile, hakutampa kitu. Wakikuita Novemba wakikwambia arudie, uliza swali moja: safari hii atafundishwa nini tofauti, na nani atamsikiliza? Wakiwa na jibu, kubali. Huenda hata usifike huko. Miezi minne ya dakika kumi na tano kila siku imewasomesha watoto waliokuwa nyuma kuliko Shaibu.

Limebaki la kikao. Mama Shaibu, nenda, hata na deni lako. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima kwenye shule za msingi za serikali. Uji ni makubaliano ya wazazi wenyewe, na anayedaiwa ya uji hajapoteza nafasi yake ya kukaa na kusema. Ukisimama, sema sentensi moja tu: tunaomba kila kikao kianze na walimu wa darasa la kwanza na la pili kutueleza, kwa dakika kumi, watoto wanapaswa kusoma nini kufikia sasa na sisi nyumbani tufanye nini. Kabla ya kikao mweleze mwakilishi wa wazazi wa darasa lenu kwenye UWAWA, ule Ushirikiano wa Wazazi na Walimu, ili akuunge mkono. Kama hamjui mwakilishi wenu ni nani, mwulize mwalimu mkuu. Choo na mlinzi vitazungumzwa baadaye, vina umuhimu wake. Nimekaa kwenye vikao vya aina hiyo upande wa walimu, na nakwambia kwa hakika, walio wengi pale wana Shaibu nyumbani na wanasubiri mtu wa kwanza aseme.

Mwisho wa mwezi wa tisa mpimeni tena kwa boksi jipya, maneno mengine. Kama amesogea, hata mstari mmoja, endeleeni hivyo hivyo. Kama hajasogea kabisa, na macho na masikio ni mazima, na mmefanya kila siku bila fimbo, basi muone mwalimu mkuu, na baada yake Afisa Elimu Kata, uombe mtoto atazamwe na mwalimu wa elimu maalumu. Wapo, wanafundishwa kazi hiyo katika Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, na wako kwenye baadhi ya shule za jiji. Nenda na maboksi yote mawili, la Julai na la Septemba, kwa sababu hayo ndiyo watakayotaka kuyaona kwanza.